Kubekapu mifumo ya faili kwenye tepu kwa dump: kabla hujaandika, jua kichwa cha draivu kiko wapi

#1 Fundi Kitasa

Wakuu, habari zenu.

Naomba tuzungumze dump (amri ya kunakili mfumo mzima wa faili kwa ajili ya bekapu) na tepu, na nitaanzia pale nilipoumia mwenyewe.

Niliwahi kutunza seva yenye patisheni tatu: /, /var na /home. Barua pepe za watu wote zilikaa ndani ya /var. Skripti ya bekapu niliiandika kwa mkono wangu, mistari mitatu tu:

dump -0au -f /dev/st0 /
dump -0au -f /dev/st0 /var
dump -0au -f /dev/st0 /home

Kila asubuhi nilifungua logi nikakuta DUMP IS DONE mara tatu. Nikatoa kaseti, nikaandika tarehe kwenye lebo, nikaifungia kabatini. Nilienda hivyo miezi mingi na moyo wangu umetulia kabisa. Siku diski ilipokufa nikachukua kaseti ya mwisho, nikapiga restore -t (restore ndiyo amri ya kusoma na kurudisha dump, -t inaorodhesha majina), yakaja majina ya /home. Nikashangaa, maana ya kwanza kuandikwa ilikuwa /. Nikajaribu kusogea mbele kutafuta dump ya pili, draivu ikanijibu Input/output error. Nikatoa kaseti hiyo, nikaweka ya wiki iliyotangulia. Hali ile ile. Kaseti zote kumi na mbili zilikuwa na /home peke yake.

Sababu ni herufi moja. Kwenye Linux draivu ya tepu ina majina mawili. Ukiiita /dev/st0, programu ikishafunga kifaa, tepu inarudishwa mwanzo yenyewe. Ukiiita /dev/nst0, tepu inabaki palepale ilipoishia. FreeBSD nako ni hivyo hivyo, sa0 na nsa0. Mimi nilitumia st0. Kwa hiyo dump ya / iliisha, tepu ikarudi mwanzo, /var ikaandikwa juu yake; /var ikaisha, tepu ikarudi mwanzo, /home ikaandikwa juu ya /var. Amri zote tatu zilifanya kazi yake sawasawa, ndiyo maana logi haikuwa na kosa lolote.

Mfumo wenyewe niliusakinisha upya, hilo halikunisumbua. Barua pepe hazikurudi. Nilizunguka ofisi moja moja kuwaambia watu, na nyuso zile sijazisahau.

Skripti ilitakiwa iwe hivi:

mt -f /dev/nst0 rewind
dump -0au -f /dev/nst0 /
dump -0au -f /dev/nst0 /var
dump -0au -f /dev/nst0 /home
mt -f /dev/nst0 status
mt -f /dev/nst0 offline

mt ndiyo amri ya kuiendesha draivu ya tepu. Angalieni mstari wa status. Baada ya dump tatu lazima uone File number=3. Kila dump ikiisha, alama ya mwisho wa faili inaandikwa kwenye tepu, na mt inahesabu alama hizo kuanzia sifuri. Ukiona 0 pale, simama hapo hapo, usitoe kaseti, kuna kitu kimekwenda kombo. Laiti ningekuwa na mstari huo mmoja ningegundua usiku wa kwanza.

Kwa wageni, nieleze herufi nilizotumia. 0 ni ngazi, maana yake chukua kila kitu. Herufi a inaiambia dump isipige hesabu ya urefu wa tepu bali iandike mpaka tepu iishe, kisha iombe nyingine. Herufi u inaandika tarehe ndani ya /etc/dumpdates ili dump za ngazi za juu zijue zianzie wapi. Na f ni kifaa.

Karibuni kwa maswali. Nimeleta amri ya dump kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo, lakini habari ya kichwa cha tepu inamhusu hata anayetumia tar au cpio, programu nyingine za kufungasha mafaili.

#2 Nyuki77

Mkuu pole sana. Hiyo habari imenigusa.

Swali langu ni la msingi kidogo: hivi tepu bado zinatumika kweli? Diski siku hizi ni kubwa, na kuna kuhifadhi mtandaoni. Kwa nini mtu ahangaike na kaseti?

#3 Fundi Kitasa

Nyuki77, asante. Zinatumika, na sana. LTO ni aina ya kaseti za tepu za seva; LTO-9 iliyotoka 2021 inabeba terabaiti 18 kwenye kaseti moja kabla hujabana data. LTO-1 ya mwaka 2000 ilibeba gigabaiti 100. Mtu haendelezi kitu miaka yote hiyo kama hakina wateja.

Lakini ukubwa siyo hoja yangu kuu. Kaseti iliyo kabatini haijaunganishwa na kitu chochote. Virusi vya kufunga mafaili haviifikii, rm (amri ya kufuta) iliyokosewa haiifikii, hitilafu ya programu haiifikii. Februari 2011 watumiaji wachache wa Gmail, kama asilimia 0.02, walifungua akaunti zao wakakuta tupu. Google walikuwa na nakala zaidi ya moja kwenye vituo tofauti, ila hitilafu ilikuwa ya programu, ikagusa nakala hizo nazo. Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu. Hiyo waliieleza wenyewe hadharani.

Nakala inayosasishwa yenyewe inasasisha na makosa. Mimi natumia diski kwa kurudisha haraka na tepu kwa siku mbaya.

#4 Kereng'ende

Mkuu Fundi, nina swali juu ya kaseti zako kumi na mbili. Kama /var ilikuwa kubwa kuliko /home, basi /home ilifunika kipande cha mwanzo tu. Mkia wa /var si bado upo kwenye tepu? Haukuweza kuusoma?

#5 Fundi Kitasa

Swali zuri, na nililihangaikia siku tatu nzima.

Kimaumbile, ndiyo, upo. Sumaku yake ipo palepale kwenye utepe. Ila draivu inapomaliza kuandika inaweka alama ya mwisho wa data, na kwa upande wake baada ya alama ile hakuna kitu. Ukiiamuru isogee mbele zaidi inakataa. Tepu siyo diski ambayo unaweza kuingia katikati, ukaandika kipande na kuacha kingine. Ukiandika mahali, kila kilicho mbele ya hapo umeshakipoteza, hata kama ulichoandika ni kilobaiti kumi.

Ndiyo maana kosa la pili linalofanana na langu ni la mtu anayetaka kuongeza dump kwenye kaseti yenye data, akasahau kwenda mwisho kwanza. Amri yake ni hii:

mt -f /dev/nst0 eod

Halafu status, usome namba ya faili, ndipo uandike. Mimi siku hizi kaseti inayobeba dump za ngazi ya 0 siongezi kitu juu yake kabisa. Naisukuma ile swichi ndogo ya kuzuia kuandika iliyo pembeni ya kaseti kabla haijaingia kabatini.

#6 mama_seva

Fundi, umeeleza vizuri, ila kuna jambo umelipita na naomba nilisimamie.

dump ya Linux haisomi mafaili kupitia mfumo wa faili. Inafungua kifaa chenyewe, mfano /dev/sda3, inasoma inodi (rekodi za maelezo ya kila faili) na bloki (vipande vya data) moja kwa moja. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, haigusi tarehe za kusomwa kwa mafaili na inajua mashimo ya faili (sehemu tupu zisizochukua nafasi) yalipo. Lakini kama patisheni imemauntiwa (yaani imeunganishwa na inatumika) na watu wanaandika, kuna data iliyo kwenye kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ambayo bado haijafika kwenye diski. dump haiioni. Mwaka 2001, enzi za kerneli 2.4, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alionya watu wasiitegemee dump kwenye mfumo wa faili uliomauntiwa, na sababu ndiyo hii.

Kwa hiyo mimi sichukui dump ya /home hai. Nachukua kwanza snapshoti (picha ya papo hapo) ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski:

lvcreate -s -L 10G -n home_picha /dev/vg0/home
dump -0u -a -b 64 -f /dev/nst0 /dev/vg0/home_picha
lvremove -f /dev/vg0/home_picha

Kerneli inausimamisha mfumo wa faili kwa kitambo kidogo wakati snapshoti inaundwa, kwa hiyo unachopata ni picha iliyotulia. FreeBSD kuna herufi L ndani ya dump inayofanya kazi hiyo kwa UFS, mfumo wa faili wa huko. Msichanganye na L ya Linux, ile ni ya kuweka lebo.

Na hapa kuna mtego ulionikamata mimi. /etc/dumpdates inaandika kwa jina la kifaa. Nilikuwa naipa snapshoti jina lenye tarehe, kila siku jina jipya. Matokeo yake dump ya ngazi ya 1 ilitafuta ngazi ya 0 ya jina lile, haikuiona, ikachukua kila kitu upya. Kila usiku kaseti inajaa na mimi sielewi kwa nini. Jina la snapshoti liwe lile lile siku zote.

#7 Nyuki77

Mama_seva, hiyo -b 64 ni ya nini?

#8 mama_seva

Ni ukubwa wa kila rekodi kwa kilobaiti. dump ya Linux usipoiambia kitu inatumia 10, na rekodi ndogo hivyo inaichelewesha draivu ya kisasa. 64 ni salama, na restore inajigundulia yenyewe ukubwa uliotumika.

Suala la kasi ni pana kidogo. LTO-5 inataka kulishwa megabaiti 140 kwa sekunde. Inaweza kupunguza mwendo, ila siyo chini ya kiwango fulani. Usipoilisha inavyotaka, tepu inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza tena, inasimama tena. Ukikaa karibu na draivu utaisikia: vuuu, kimya, mkwaruzo mfupi wa kurudi, vuuu. Mlio huo ukiendelea saa nzima ujue utepe na kichwa vyote vinalika. Patisheni yenye mafaili madogo mamilioni ndiyo huleta hali hiyo, maana diski inatumia muda mwingi kutafuta kuliko kusoma.

Dawa yake ni kuweka bafa katikati:

dump -0u -a -b 64 -f - /dev/vg0/home_picha | mbuffer -s 64k -m 4G -P 90 -o /dev/nst0

mbuffer inasubiri kumbukumbu ijae asilimia 90 ndipo inaanza kumimina, kwa hiyo tepu inakwenda mwendo mrefu bila kusimama. Ila tumia njia hii kama una hakika dump inaingia kwenye kaseti moja. dump ikiandika kwenye kifaa moja kwa moja, kaseti ikijaa inakuomba nyingine kwa utaratibu, na kaseti mpya ikiwa mbovu inakuruhusu kuirudia hiyo moja bila kuanza mwanzo. Ukipitisha kwenye bomba, dump haijui kabisa kwamba kuna tepu upande wa pili.

#9 Kereng'ende

Mimi ni mtu wa tar na sijawahi kujuta. Nielimisheni, dump inanipa nini ambacho tar haina? Na seva zangu nyingi zinatumia XFS, mfumo mwingine wa faili.

#10 Fundi Kitasa

Kama ni XFS basi dump haikuhusu, hiyo ni ya ext2, ext3 na ext4 tu kwa upande wa Linux. Tumia xfsdump. Nayo ina ngazi 0 mpaka 9, ila tofauti na dump inataka mfumo wa faili uwe umemauntiwa, na inaweka kumbukumbu zake ndani ya /var/lib/xfsdump/inventory. Saraka hiyo nayo uihifadhi mahali pengine.

tar siibezi hata kidogo. Jina lenyewe linatokana na tepu, na ilianza na Unix ya toleo la 7 mwaka 1979. Faili moja la tar unaweza kulifungua kwenye mashine ya aina yoyote, na hilo ni jambo kubwa. Ninachoipendea dump ni mambo mawili. Kwanza, restore -i: unaingia ndani ya dump, unatembea kwa cd na ls kama uko kwenye saraka halisi, unachagua unachotaka. Pili, ngazi zake zinajua kufuta. Ukirudisha ngazi ya 0 kisha ya 1 kwa restore -r, faili lililofutwa katikati ya siku hizo mbili linaondolewa, kwa sababu kila dump imebeba ramani ya inodi zilizokuwa hai wakati ule. Hesabu hizo zinatunzwa kwenye faili linaloitwa restoresymtable. Usilifute mpaka umalize kaseti ya mwisho.

Ukitumia tar, angalia ukubwa wa bloki. Ukiandika na -b 512 halafu ukasoma bila kuitaja, utaletewa Cannot allocate memory na utadhani RAM imekwisha. Kumbe bloki iliyo kwenye tepu ni kubwa kuliko bafa uliyoandaa.

#11 Zumaridi

Wakuu samahani naingilia, nina dharura na nimeuona uzi huu nikitafuta msaada. Leo Ijumaa asubuhi saraka moja imefutwa kwenye /home. Ni ya mikataba, iko /home/hesabu/mikataba. Bekapu zipo, kaseti tano: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila moja ina dump tatu, /, /var na /home kwa mpangilio huo, ziliandikwa kwa nst0. Aliyekuwa anazisimamia hayupo tena. Sijawahi kurudisha kitu kutoka kwenye tepu. Mikono inatetemeka, naogopa kuharibu.

#12 Fundi Kitasa

Zumaridi, vuta pumzi. Hakuna ulichoharibu na hutaharibu, tutakwenda pole pole.

Kabla kaseti yoyote haijaingia kwenye draivu, isukume swichi ya kuzuia kuandika. Zote tano. Baada ya hapo hata ukikosea amri, draivu itakataa kuandika juu yake. Na simamisha skripti ya usiku kwenye cron (kipanga ratiba cha mfumo), isije ikaanza wakati wewe unasoma.

Usirudishe moja kwa moja ndani ya /home. Tengeneza saraka ya pembeni:

mkdir /var/tmp/rudisha
cd /var/tmp/rudisha

Weka kaseti ya Jumapili, kisha:

mt -f /dev/nst0 rewind
restore -i -s 3 -f /dev/nst0

-s 3 maana yake nenda kwenye dump ya tatu. restore inahesabu kuanzia 1, siyo sifuri kama mt, usichanganye. Na usiache ile rewind, kwa sababu restore inaruka mafaili kuanzia pale tepu ilipo, siyo lazima kuanzia mwanzo.

Ukifika kwenye restore > andika what. Itakuonyesha dump hii ni ya lini, ya ngazi gani, ya mfumo gani wa faili. Tuletee.

#13 Zumaridi

Imekubali! Imesema level 0, tarehe ya Jumapili, /home. Lakini nikiandika cd home/hesabu inasema hakuna.

#14 mama_seva

Ni kwa sababu dump ilichukuliwa ya mfumo wa faili wa /home, kwa hiyo mzizi wake ni /home yenyewe. Anza na hesabu moja kwa moja:

cd hesabu
add mikataba
extract

Itakuambia hujasoma kaseti yoyote bado, na itauliza namba ya kaseti inayofuata. Watu wengi hukwama hapo wakadhani tepu ni mbovu. Kwa kuwa dump yako iko ndani ya kaseti moja, jibu 1. Mwisho itauliza kama iweke mmiliki na ruhusa za nukta, jibu n. Ukijibu y itaibadilisha saraka ya rudisha iwe na ruhusa za /home ya zamani.

#15 Zumaridi

Imetoka! Mafaili yapo, 214. Nimeyafungua matatu, yako salama. Mungu awabariki.

Sasa hii ni ya Jumapili na watu wamefanya kazi wiki nzima. Nimepiga what kwenye kaseti nyingine pia: Jumatatu ni level 3, Jumanne ni level 2, Jumatano level 5, Alhamisi level 4. Mbona namba zinaruka? Huyu mtu alikosea? Nizirudishe zote kwa mpangilio wa siku?

#16 Kereng'ende

Hata mimi nimeshtuka. 3 kabla ya 2?

#17 Fundi Kitasa

Hakukosea. Huyo alikuwa mtu makini. Mpangilio huo uko kwenye mwongozo wa dump wenyewe, unafuata hesabu ya Mnara wa Hanoi: 3 2 5 4 7 6 9 8 9 9.

Kanuni ni moja tu: dump ya ngazi yoyote inachukua kilichobadilika tangu dump ya mwisho yenye ngazi ya chini kuliko yake. Sasa tembea nayo.

Jumatatu, ngazi ya 3. Iliyo chini yake ni 0 ya Jumapili. Ikachukua mabadiliko ya Jumatatu. Jumanne, ngazi ya 2. Je, ianzie kwenye 3? Hapana, 3 ni kubwa kuliko 2. Inarudi mpaka 0. Kwa hiyo kaseti ya Jumanne ina mabadiliko ya Jumatatu na Jumanne pamoja. Jumatano, ngazi ya 5, iliyo karibu chini yake ni 2 ya Jumanne, ikachukua ya Jumatano. Alhamisi, ngazi ya 4, inairuka 5 na kurudi kwenye 2, ikachukua Jumatano na Alhamisi.

Zumaridi, unahitaji kaseti mbili tu zaidi: Jumanne, kisha Alhamisi. Hatua ni zile zile, kwenye saraka ile ile, zitaandika mapya juu ya ya zamani. Jumatatu na Jumatano kaa nazo pembeni, hizo ni akiba.

Mabadiliko ya Jumatatu na ya Jumatano yaliyodumu zaidi ya siku yameandikwa kwenye kaseti mbili tofauti, na hiyo ndiyo faida yake. Alhamisi ikigoma, unatumia Jumapili, Jumanne na Jumatano, umepoteza siku moja. Jumanne ikigoma, unatumia Jumapili, Jumatatu na Alhamisi. Utakachokosa ni kilichobadilika Jumanne peke yake na hakikuguswa tena baadaye. Katika hali hiyo ya pili restore -r itakataa kwa sababu mnyororo wa tarehe umekatika, ila -i na -x hazina shida.

Angalizo: kwa kutoa saraka namna hii, yale mafaili yaliyofutwa kihalali katikati ya wiki yatarudi. Mwenye mikataba ayapitie.

#18 Zumaridi

Kaseti ya Jumanne inagoma. Ilianza vizuri, imefika katikati inasema kuna kosa la kusoma, inauliza kama niendelee. Nimejibu n nikatoka. Na kwenye draivu kuna taa imewaka, ya rangi ya machungwa.

#19 mama_seva

Umefanya vema kutoka. Taa hiyo mara nyingi ni draivu inaomba kusafishwa. Tafuta kaseti ya kusafishia, huwa inahifadhiwa na nyingine. Iingize, subiri, itajisafisha na kutoka yenyewe kwa dakika chache. Usiilazimishe na usifute kichwa kwa pamba wala kimiminika chochote, hizi siyo draivu za zamani.

Kisha rudisha ya Jumanne, rewind, uanze tena. Ikigoma palepale, ongeza -y kwenye restore: itaruka bloki mbovu na kuendelea bila kuuliza. Uzuri mmoja wa dump ni huo, doa moja kwenye tepu haliui kilicho mbele yake. Mkondo wa zfs send (bekapu ya mfumo wa faili wa ZFS) ukipata doa moja, kupokea kunakataa.

#20 Zumaridi

Wakuu, nimerudi.

Kaseti ya kusafishia ilikuwepo ndani ya boksi, haijafunguliwa hata nailoni yake. Taa imezima. Jumanne imesomeka mpaka mwisho bila kosa, Alhamisi pia. Jumla mafaili 231. Mwenye mikataba amekaa nami, tumeyapitia moja moja, ametoa mawili aliyokuwa ameyafuta mwenyewe Jumatano. Yote mengine ndiyo yenyewe, na mkataba aliousaini mtu jana jioni umo.

Nimekopi saraka kwenda /home, ruhusa ziko sawa. Kisha nimeisoma skripti ya usiku mstari kwa mstari, nst0 mahali pote. Nimeongeza mt status mwishoni, ilikuwa haina, na matokeo yanakuja kwenye barua pepe yangu.

#21 Fundi Kitasa

Zumaridi, nimefurahi kupita kiasi. Mkataba wa jana jioni kurudi!

Ombi moja. Wiki ijayo, siku yoyote tulivu, fanya hivi kwenye kaseti ya Jumapili mpya:

mt -f /dev/nst0 rewind
restore -C -s 3 -f /dev/nst0

Inasoma dump na kuilinganisha na kilicho kwenye diski. Itataja yaliyobadilika tangu hapo, hilo ni la kawaida. Unachotazama ni kama imefika mwisho bila kosa la kusoma. Na aliyeacha mpangilio ule wa ngazi, ukimpata, mfikishie salamu zangu.

#22 Zumaridi

Nitamfikishia. Kwa sasa nimefungua barua pepe ya asubuhi hii:

File number=3, block number=0, partition=0.